Kilemba Kisicho na Fundo

Wiki iliyopita, nikitoka kazini miguu ikiniuma, niliingia kwenye duka moja la nguo pale Kensington, barabara kuu. Sikuwa na nia ya kununua kitu. Nilitaka tu kusimama kivulini hadi foleni ya teksi, haya mabasi madogo ya huku, ipungue. Ndipo nikaviona: vilemba vilivyoshonwa tayari, vimepangwa kwenye rafu, kila kimoja na mikunjo yake na ua lake la mbele. Muuzaji, Mkongo mmoja mchangamfu kuliko nilivyohitaji saa ile, akaniambia, "Dada, hii haina kazi. Unaweka kwa kichwa, sharp, unaenda." Nikachukua kimoja cha buluu kwa ajili ya Mama, ambaye siku hizi mabega hayamruhusu kuinua mikono. Lakini rafiki yangu, nilipotoka mlangoni nilikuwa nimeshamkumbuka Bibi wa chini.

Nilipokuwa mtoto tulikaa jirani na hapo, sisi ghorofa ya juu na yeye ya chini, kwenye jengo la zamani la matofali mekundu ambalo mabomba yake yalilia kila mtu alipofungua maji. Kombe la Dunia lililochezwa hapa hapa nchini lilikuwa limepita, na bendera zilizofungwa vibarazani zilikuwa zimepauka, hakuna mwenye nguvu ya kuzitoa. Mama, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, alikuwa akisafisha ofisi Midrand. Aliamka alfajiri, akaswali, akabandika chai, akafunga kitambaa chake kwa mafundo mawili ya kukaza kisogoni. "Fundo moja ni la harusini," alikuwa akisema. "Mwenye kukimbilia teksi anafunga mawili." Kisha, kabla ya kuikimbilia hiyo teksi, alishuka kwa Bibi wa chini.

Bibi wa chini alikuwa Myahudi, mjane, wa mwisho wa watu wake katika jengo lile. Wengine walikuwa wamehamia mitaa ya kaskazini zamani. Dini yake inamtaka mwanamke aliyeolewa afunike nywele, naye aliendelea kuzifunika hata baada ya kufiwa, hata alipokuwa peke yake jikoni na redio yake. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya Kiislamu tu. Mama alinicheka. "We unafikiri Mungu ana wamama wa aina moja?"

Tatizo la Bibi lilikuwa mikono. Ilitetemeka kiasi kwamba kikombe chake tulikijaza nusu. Na binti yake, mwanamke mwema mwenye haraka, alikuwa ameshamwambia: siku utakaposhindwa kujifunga kichwa mwenyewe, utahamia nyumba ya wazee. Bibi hakutaka. Katika vyumba vile aliingia akiwa bi harusi, na humo mumewe alikufa. Kwa hiyo alimwomba Mama, na ikawa siri ya wanawake wawili, mimi wa tatu kwa sababu nilikuwa mshika pini.

Nitakueleza walivyofanya, maana sijaona tena urembo wa namna ile. Kwanza utepe wa mahameli kuzunguka paji la uso, ili kitambaa kisiteleze. Halafu kofia ndogo yenye sponji ndani, kuinua kisogo. Halafu kitambaa chenyewe. Bibi alikuwa na droo nzima ya hariri zilizonukia karafuu na sabuni: rangi ya majivu, rangi ya divai, kijani cha parachichi. Mama akaleta vipande vya kitenge, akavisokota pamoja na hariri, akavizungusha mbele kama taji, mimi nikimpa pini za kushikilia ncha. Bibi alijitazama kwenye kioo akacheka hadi akakohoa. Wiki ile wanawake wa sinagogi walimsimamisha kumuuliza amejifunzia wapi. Na zile nywele zake nyeupe, chache, Mama alizifunika kila asubuhi macho yake yakiwa dirishani. Hakuambiwa afanye hivyo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Sabato yao huingia jua linapozama, kwa hiyo Mama alijitahidi kuwahi kurudi, akamfunga Bibi kitambaa cheupe, mimi nikila pembe ya mkate wa kusukwa uliokuwa bado moto. Ijumaa moja teksi ziligoma. Mama alitembea kipande kikubwa cha njia, akaingia kwa Bibi na mkoba bado begani, jua likiwa limebaki utepe tu juu ya mapaa. Alifunga haraka, bila pini. Mikono iliyochoka hufanya inachokijua, na ya Mama ilijua mafundo mawili ya kukaza. Bibi akawasha mishumaa yake, sisi tukapanda kulala.

Jumamosi Mama aliitwa kazini, ofisi moja ilikuwa ikihama. Nikashuka peke yangu kumpelekea Bibi salamu, nikamkuta kwenye kiti ameshika kichwa kwa mikono miwili. Chini ya utepe ngozi ilikuwa imevimba.

"Bibi, ngoja nikufungulie."

"Hapana, binti yangu. Fundo la namna hii leo Sabato hatulifungi wala hatulifungui. Tusubiri nyota, ndizo zinazoimaliza."

Nikamwekea kitambaa cha maji shingoni, tukakaa. Mchana ule ulikuwa mrefu, wa honi za teksi na jua lisilosogea ukutani. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Baadaye rabi wao alimwambia kwamba kwa maumivu yale dini ingemruhusu, naye akajibu kwamba alijua, ila hakuona sababu ya kuanza kujihurumia uzeeni.

Nyota zilipotoka, aliyefika kwanza hakuwa Mama. Alikuwa binti wa Bibi, na mfuko wa samaki wa kukaanga. Aliona paji la uso, akazunguka nyuma, akaliona fundo. Bibi maisha yake yote hakuwahi kufunga fundo. Alikuwa akichomeka ncha tu ndani ya mikunjo.

"Mama, nani amekufunga hivi?"

"Nimejifunga mwenyewe."

"Basi lifungue hilo fundo mwenyewe, Mama. Sabato imekwisha."

Bibi akainua mikono. Ilipanda ikitetemeka, ikafika masikioni, ikasimama hapo. Kisha ikashuka mapajani. Binti yake akatafuta mkasi huku akilia, akalikata lile fundo, na mimi nikatazama dirishani. Mama aliingia wakati huo, bado na sare ya kazi. Hakufokewa. Alishukuriwa kwa adabu, kwa yote aliyoyafanya, na aliniambia usiku ule kwamba afadhali angepigwa kofi.

Wiki chache zilizobaki kabla Bibi hajahamishiwa nyumba ya wazee, Mama aliendelea kushuka. Ukupigao ndio ukufunzao: sasa alitaka kujua kufunga bila fundo wala pini, ingawa haikuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Bibi alikaa kitandani kati ya maboksi akimfundisha kwa mdomo. "Zungusha. Vuta. Sasa usifunge, chomeka." Vidole vya Mama vilikimbilia fundo kila mara, na Bibi alivigonga kwa kijiko cha mbao. Walicheka sana. Siku lori lilipokuja, Mama alimfunga kwa mara ya mwisho, hariri ya divai na kitenge, kikakaa imara bila fundo hata moja, na gari la binti yake likaondoka naye, tukalitazama hadi likapita roboti ya pembeni, ile taa ya barabarani.

Hatukumwona tena. Huko alikokwenda, tulisikia, walimvalisha kofia ya kufuma, kwa sababu wauguzi walikuwa wachache na asubuhi zao zilikuwa fupi. Habari za kifo chake zilitufikia maziko yamekwisha. Vyumbani mwake sasa mafundi wanatengeneza simu. Sinagogi aliyokuwa akienda kwa miguu imefungwa, na Mama hajawahi tena kujifunga mafundo mawili, hata miaka ile aliyoendelea kukimbilia teksi. Wakati mwingine kitambaa kilimwanguka barabarani. Alikiokota akaanza upya.

Basi wiki iliyopita nikamletea hicho kilemba cha buluu. Alikigeuza ndani nje, akapapasa mshono.

"Aliyekifunga ni nani?"

"Mashine, Mama."

"Eish," akasema, akakiweka juu ya meza. Akavuta kigoda, akakaa akinipa mgongo, akanipitishia kitambaa chake cha zamani begani. Nilikuwa nimechoka, nisikufiche, nilitaka kulala tu. Nikazungusha. Nikavuta. Nilipofika kwenye ncha vidole vyangu vikataka kufunga, na Mama, kwa mkono usioweza tena kupanda zaidi ya bega, akavigonga. Nikachomeka.