Droni Juu ya Zizi la Mjomba

Binamu yangu alirudi kutoka Nairobi na droni anayopigia picha za harusi, akaniachia niichezee wiki hiyo. Furaha niliyokuwa nayo! Nilijiona tayari nimetengeneza filamu ya mafahali wa kijiji chetu cha Malinya wakipigana, watu wanaitazama mpaka Ulaya.

Siku ya kwanza niliirushia nyumbani kwa mjomba, ambako ninaishi. Ilipita juu ya mahindi, ikapita migomba, ikasimama juu ya zizi la fahali wake. Mjomba akatoka mbio, jembe mkononi.

"Teremsha hiyo kitu! Nani amekutuma?"

Huku kwetu, fahali akikaribia siku ya kupigana hufichwa. Mtu wa nje asijue anakula nini, anasimama vipi, anapenda kupigia pembe ipi. Mjomba aliamini picha zangu zinaenda moja kwa moja kwa jirani wa ng'ambo ya mto, ambaye fahali wake angekutana na wetu. Mimi niliyekuwa nikimpelekea fahali maji kila asubuhi na kumkuna shingo mpaka anafumba macho, nikakatazwa kukaribia zizi. Iliniuma, jamani.

Hakuishia hapo. Kesho yake akanikokota hadi kwa chifu. Chifu aliigeuza droni huku na huku, akainusa, kisha akamwita askari. Askari akatafuta sheria kwenye simu yake, akasoma polepole.

"Usirushe karibu na uwanja wa ndege. Wala kambi ya jeshi. Wala juu ya umati. Na lazima uwe na leseni."

"Na zizi?" mjomba akauliza.

"Zizi sijaona."

"Ng'ombe je?"

"Mzee, ng'ombe hayuko humu."

"Basi walioandika hawajawahi kufuga hata kuku."

Chifu akakohoa ili asicheke. "Katika lokesheni yangu haitaruka mpaka kijana apate leseni. Ifungeni kwenye sanduku lake, mwende nyumbani."

Tulipofika nyumbani, mjomba alikaa jikoni akinitazama nikimenya viazi.

"Hiyo kitu," akasema kwa sauti ya chini, "inaweza kuvuka mto?"

"Inaweza. Lakini chifu amekataza."

"Amekataza kwake. Ng'ambo ni lokesheni ya chifu mwingine."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Sikujua kama ananijaribu au anataka kweli kuchungulia fahali wa mwenzake. Mpaka leo sijui. Nilihisi nikikubali nimekwisha, na nikikataa pia nimekwisha.

"Sirushi, mjomba."

"Unawaogopea watu wako wa ng'ambo?"

"Sina watu ng'ambo. Hata wao wakija kuniomba, nitawaambia hivyo hivyo. Mimi nilitaka filamu tu, watu waone vile fahali wetu ni mrembo."

"Mrembo," akarudia, kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. Kisha akanyanyuka, akajaza ndoo maji, akaniwekea mbele yangu.

"Ana kiu. Tangu jana anakataa maji yangu."

Niliibeba karibu nikimbie. Mjomba akanifuata unyounyo. Mlangoni mwa zizi akanisimamisha, akanipapasa mifuko yote, akatoa simu yangu na kuifunika ndani ya kofia yake.

"Sasa ingia," akasema. "Na usimwangalie sana."