Piano Iliponyamaza

Mwalimu wetu wa kwaya alinidhalilisha mbele ya watu, tena akitabasamu. Mimi, mpiga kinanda wake, nilikuwa nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba kwaya ikiimba bila kinanda inashuka sauti. Akanipigapiga begani. "Dada, wewe bonyeza tu hivyo vitufe. Muziki tuachie wenye masikio." Soprano wakacheka. Nilirudi kwangu Maisaka nimevimba kwa hasira.

Nilikuwa na rekodi niliyoachiwa na sista mmoja alipohamishwa: muziki wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa, wenye mapenzi na majonzi mengi, unaopigwa na watu watatu tu, wa piano, wa fidla na wa selo, yaani fidla kubwa. Zamani niliuwasha nikichambua maharage, basi. Sasa nikaweka ungo chini nikasikiliza kweli. Siku moja nilifuata fidla peke yake, siku nyingine selo, ile sauti nene ya mtu anayezuia kilio. Kisha nikafuata piano, na hapo nikapata silaha. Kuna mahali, katika kipande cha polepole, piano inanyamaza. Ukitega sikio unasikia mpigaji akivuta pumzi, kiti kikilia chini yake. Yupo, ila hapigi. Wenzake wanabaki peke yao, na kila walicho nacho kinasikika. Halafu anarudi taratibu, na anawakuta palepale alipowaacha.

Nilirudia mahali hapo mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama nimefiwa. Waimbaji wetu ningewaacha hivyo, nisingewakuta palepale, hilo nililijua.

Mashindano ya kwaya yalifanyika katika kanisa la Nakwa. Mwalimu alivaa suti mpya. Beti mbili nilipiga kama kawaida. Ubeti wa tatu nikaweka mikono mapajani. Akanikodolea macho, nikamtazama kwa adabu. Kwaya ikaendelea, ikaanza kuteremka kidogo kidogo, soprano wakiwavuta wenzao, yeye akipunga mikono bila kusikia chochote. Utamu nilioupata hapo siwezi kuusimulia. Kwenye kiitikio nikarudi kwa mikono yote miwili, kwa sauti ileile tuliyoanzia.

Kanisa zima lilisikia. Wengine walikimbilia sauti ya kinanda, wengine wakabaki chini walipokuwa, na watoto wa viti vya mbele wakaangua kicheko. Tulishika mkia.

Nje mwalimu alinifuata. "Dada, mbona uliacha kupiga?"

"Nilikuwa nawasikiliza, mwalimu."

Kinanda amepewa mwingine. Soprano hawanisalimii sokoni. Jana nimeisikiliza tena rekodi, na nimegundua jinsi yule mpigaji anavyorudi kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mimi sikurudi hivyo, na wakiniita kesho nitarudi vilevile nilivyorudi Nakwa. Ila hawajaniita. Nakaa hapa na masikio yangu.