Kitabu Nilichokisikia

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo mpaka leo sijaizoea, nayo ilinirudia jana uliponionyesha simu yako. Kumbe mna kikundi mnaulizana humo, "Munasoma nini siku hizi?" Jambo zuri, nikafurahi. Yule binti mshonaji wa Mboko ameandika jina la kitabu chake, akasema ndicho cha kwanza kukimaliza tangu aache shule. Nawe chini yake ukaandika, "Kitabu cha bure, musipoteze muda." Nilipokuuliza kama umekisoma, ulisema, "Hapana, Bibi, lakini nilisikia habari yake." Ukacheka. Nimeamka na hasira, na leo utakaa hapa mpaka niimalize. Si yako peke yako. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, na ina miaka mingi.

Nilikuwa na umri wako, niko mwaka wa tano wa sekondari, na katika mji wetu wote wa Baraka sikuona mtu aliyenizidi akili. Tulikuwa na kikundi cha wasomaji katika chumba cha parokia, kila Jumapili baada ya misa. Vitabu vilijaa sanduku moja tu la bati, kwa hiyo kila kitabu kilizunguka. Ukikipata unakaa nacho, na Jumapili ikifika unasimama, unakiinua watu wakione, unasema umefika wapi na unakionaje. Alama ya ukurasa ilikuwa kipande cha uzi wa wavu. Nyuzi hizo alituletea Mzee Ramazani, mshona nyavu, Mwislamu wa hapa ufukweni, ambaye alingoja nje misa iishe ndipo aingie na kitabu chake kwapani. Alisoma kwa kidole, kitabu kimoja miezi mitatu, na sisi wanafunzi tulimcheka chinichini. Debe tupu haliachi kuvuma, na madebe yenyewe tulikuwa sisi.

Basi katika kikundi hicho akaingia Riziki, mke wa mvuvi, mama wa watoto wanne. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la akina mama tuliloliita alfabetizasyo. Kitabu chake cha kwanza alikipokea mikononi mwangu. Nilikuwa nimekaa nacho wiki tatu, na uzi wangu ulikuwa bado ukurasa wa kumi na nne, pale mwanamke wa hadithi anapofunga mzigo wake alfajiri. Kilinichosha, nikampa.

Jumapili ninayoisema Riziki alisimama kwa mara ya kwanza. Alikishika kitabu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya wageni.

"Mi nasoma hiki kitabu," alisema. "Niko mu katikati. Naona iko muzuri, juu huyu mwanamuke iko na akili."

Alisema hayo tu. Watu wakampigia makofi, na makofi yale, mwanangu, yaliniuma. Mimi wa sekondari sijapigiwa, anapigiwa yule aliyejua herufi mwaka jana? Nikasimama bila kuitwa. "Kile kitabu mi nilikisikia," nikasema. "Kinafundisha bamama kuacha mabwana." Nilikuwa nimeambiwa hivyo na binamu yangu, ambaye naye aliambiwa na mtu njiani. Riziki alikaa, akakiweka kitabu mapajani, akakifunika kwa kitenge. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Watu wazima wote wale.

Unajua mji wetu. Kabla Riziki hajafika kwake, mume wake alikuwa ameshapata habari. Hakumpiga, namshukuru Mungu kwa hilo. Alimnyang'anya kitabu, akampa mama mmoja muuza mandazi awe anafungia, na akamkataza Riziki kukanyaga tena chumba cha parokia. Na darasa la akina mama akalikataza pia, kwa sababu ndiko ugonjwa ulikoanzia, alisema.

Jumanne nilinunua mandazi sokoni. Yalifungwa ndani ya ukurasa wa kumi na saba wa kitabu kile. Nikausoma nimesimama palepale, mafuta yamekwisha kuingia kwenye maneno. Yule mwanamke alikuwa anakwenda kumzika mama yake. Mume wake mwenyewe ndiye aliyemtwika mzigo kichwani, akamsindikiza mpaka mtoni. Hakuna aliyemwacha mtu. Kurasa tatu, mwanangu! Kurasa tatu zaidi ya pale nilipoacha uzi wangu. Unataka kujua nilifanya nini? Nilikula mandazi yangu, nikaukunja ule ukurasa, nikanyamaza.

Mzee Ramazani siku hizo alikuwa Mboko kwa kazi ya nyavu. Aliporudi, alikuta nafasi ya Riziki ina mtu mwingine, akauliza. Nikamweleza kwamba mume wake amemkataza, nikaongeza kwa adabu zote, "Muzee, kile kitabu hakikuwa kizuri. Mi nilikisikia."

"Ulikisikia na masikio, ao ulikisikia na kichwa?"

Hapa kwetu unajua neno hilo lina kazi mbili. Mtu akikuuliza kama unasikia Kifaransa, haulizi habari ya masikio, anauliza kama unakielewa. Mimi nilikuwa nimejificha katikati ya maana hizo mbili, na yeye alinikuta humo humo.

"Mi nilikisoma miezi tatu, mpaka mwisho," akasema, "na bado sijakisikia chote. We uzi wako ulikuwa kumi na ine. Riziki alinionyesha mbele niende Mboko. Sasa enda kwa bwana yake, useme mbele yake: mi sikukisoma. Ni maneno mbili tu."

Maneno mawili. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho ikawa mtihani, halafu ikawa likizo, halafu nikapelekwa chuo, na moyoni nikajiambia kwamba mambo yamepoa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema kwamba aliyejikwaa ulimi ni mmoja na anayechechemea ni mwingine.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu. Siku moja Uvira, kwa muuza vitabu anayevitandaza chini, nikakiona kitabu kile kile. Nikakinunua, nikakisoma mpaka mwisho ndani ya gari la kurudi, na nilipofika Baraka nilikwenda moja kwa moja kwa Riziki. Mume wake alikuwa ameshafariki. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikamwambia yote, na yale maneno mawili, ambayo sasa hayakuwa na mume wa kuyasikia.

Alifuta mikono, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, vilevile. Akakifungua. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakaa hapo muda mrefu, kisha akakirudisha kwangu.

"Herufi zilishanikimbia," alisema. "Soma we. Mi nitasikia."

Nilimsomea michana minne mfululizo. Nilipofunga ukurasa wa mwisho, aliendelea na muhogo wake kidogo, halafu akasema, "Nilisema ile siku. Huyu mwanamuke iko na akili."

Alikuwa ameona kweli akiwa katikati tu ya kitabu, kwa kidole, na mimi msomi nikamnyamazisha kwa jambo nililookota njiani. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Muda unaoupoteza kwa kitabu unarudi. Yule Riziki aliyejisomea mwenyewe hakurudi tena.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Kitabu usichokisoma, usikihukumu. Ukikisoma nusu, sema uzi wako uko wapi, hakuna aibu. Ukikisoma chote na hukukipenda, sema tena kwa sauti, maana mdomo Mungu hakukupa wa kutafunia tu. Lakini anayesimama kwa mara ya kwanza kusema anachokisoma, mwache amalize kusimama. Na kosa ulilolifanya mbele ya watu halitubiwi jikoni kwa Bibi. Shika simu yako, katika kikundi kile kile, chini ya jina la yule binti wa Mboko, uandike: sikukisoma. Kisha muombe akuazime. Usiniambie kesho.

Mungu akupe macho yenye subira, na ulimi unaojua kungoja macho yamalize. Akujalie uzeeke ukisoma mwenyewe, mwanangu, na asiwepo mtu popote anayesomewa kwa sababu yako. Haya, andika. Nakuangalia.