Mume Wangu Aliniambia Sauti ya Mama Iko Mahali Mbili

Admin, tafadhali usiweke jina langu. Dada zangu wanafuata hii page na bado hawajui haya ninayoandika.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mwalimu wa chekechea, naishi Kiboko na mume wangu na watoto wetu wawili. Tuko kwa ndoa mwaka wa kumi na tatu. Mume wangu halewi, hajawahi kunipiga, na kanisani ni mtu wa kuheshimiwa. Hiyo ndiyo imefanya nianze kuandika nikifuta, nikiogopa mtaniambia sina shida.

Mama yangu alikuwa wa Ikutha. Kila likizo nilienda kukaa naye, yeye akichambua ndengu, mimi nikimrekodi na simu. Hakusoma, lakini alikuwa anakumbuka kila kitu: mwaka wa njaa aliolisha watoto matunda ya porini, siku baba alikuja kwao kuposa na viatu vya kuazima. Akimaliza hadithi alikuwa anatuombea kwa majina, watoto wote saba, hata yule aliyezikwa akiwa mchanga. Sisi tulikuwa tumesahau kwamba huyo mtoto alikuwa na jina. Mama hakusahau.

Halafu akapata stroke akiwa amekuja kwetu Kiboko. Aliishi kwetu mwaka na nusu bila kutamka hata neno moja. Ndipo niliogopa. Nikajiambia, hii simu ikiibwa, nimempoteza mama mara mbili.

Tulienda mji wa Wote, mimi na mume wangu, kwa duka la kompyuta. Fundi alituonyesha kaboksi ka chuma kenye diski mbili ndani na kaswichi kadogo nyuma. Alituelezea polepole. Ukiweka swichi upande huu, kila kitu kinaandikwa kwa diski zote mbili, moja ikikufa nyingine iko na kila kitu. Ukiweka upande ule, diski mbili zinakuwa kama moja kubwa, unapata nafasi mara mbili, lakini moja ikikufa umepoteza vyote. Hata sikufikiria. Nilisema nataka ule wa kwanza. Mume wangu alikuwa amesimama hapo kando yangu, akisikia.

Nyumbani ni yeye aliyeiunganisha na laptop, kwa sababu mambo hayo anayaelewa kunishinda. Nilimuuliza kama iko sawa. Akaniambia, "Tulia, Mama Mutheu. Vitu vya mama yako viko mahali mbili." Baadaye simu yangu ilipojaa, ni yeye aliniambia nifute zile rekodi, kwani ziko salama. Nilizifuta moja moja na kidole changu.

Mama alipofariki mwaka jana nilitaka watu wasikie sauti yake kwa mazishi, yale maombi ya watoto saba. Mume wangu akasema waya wa kaboksi umeharibika, atatafuta mwingine. Nilikuwa na msiba, sikubishana. Baada ya mazishi waya ukawa umeagizwa. Halafu laptop ikawa na shida. Miezi ikapita hivyo, na mimi namwamini.

Likizo iliyopita niliifunga kwa leso nikaipeleka Wote mwenyewe. Nilimkuta fundi yule yule. Alipoiona hakuifungua. Aliniangalia kwanza, kisha akasema, "Mama, hii mzee wako alileta kitambo, kabla ya yale mazishi. Nilidhani alikuambia."

Akanieleza kwamba swichi ilikuwa imewekwa ule upande mwingine tangu mwanzo. Kila rekodi ilikatwa vipande, nusu diski hii, nusu ile. Diski moja ilikufa. Walijaribu hadi kuipeleka Nairobi, ikarudi vile vile, ndani imekwaruzika. Kilichobaki ni vipande ambavyo havisemi kitu. Nilimuuliza kama hata dakika moja haiwezi kupatikana. Akatikisa kichwa.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa anafunga waya wa kibanda cha kuku. Niliweka kaboksi mbele yake. Hakukataa. Alisema aliona ni hasara diski mbili kubeba kitu kimoja, na yeye alitaka nafasi ya sinema na mechi zake za mpira. Alifikiri diski mpya haiwezi kufa haraka hivyo. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Nilikuona vile ulikuwa unalia, nikaogopa." Halafu akalia yeye.

Na huyu ndiye alimbeba mama yangu mgongoni kumpeleka hospitali siku ya stroke. Ndiye alimlisha uji nikiwa kazini, bila kuambiwa. Nikijaribu kumchukia, hiyo picha inakuja. Nikijaribu kumsamehe, namsikia akiniambia nifute.

Desemba tutakutana wote Ikutha kujengea kaburi. Dada yangu mkubwa amepiga simu akisema nilete sauti ya mama, watoto wadogo wasikie susu, nyanya yao, alivyokuwa anaongea. Nilimwambia mume wangu. Amenisihi niseme stima ilipotea, iliporudi ikaunguza kila kitu. Alisema, "Usiniaibishe kwa watu wa kwenu." Tunakula meza moja, tunaongea mambo ya watoto tu.

Nikisema ukweli, ndugu zangu hawatamwita shemeji tena, nawajua. Nikidanganya, nitasimama kwa kaburi la mama nikificha kwamba maombi yake yalipotea kwa sababu ya mpira.

Nyinyi mliokaa kwa ndoa miaka mingi, nisaidieni bila matusi. Siku hiyo dada yangu akinyoosha mkono aniulize sauti ya mama iko wapi, nimwambie nini?