Zamu ya Bi Pembe

Wasichana wa hotelini ndio waliomwita Bi Pembe, kwa ajili ya pembe za shuka. Alikuwa msimamizi wa vyumba, na kwenye kazi hiyo hakuwa na mchezo. Binti mpya kazini angetandika kitanda, akajisifu moyoni, kisha Bi Pembe angeingia, akatazama, akavuta shuka lote chini. "Rudia. Pembe hii imelala kama mlevi." Kuna waliolia stoo, na kuna walioapa kuacha kazi. Siku aliyostaafu walilia wote, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Nyumbani aliishi na binti yake wa mwisho, Kitinda, aliyegeuza chumba cha mbele kuwa saluni. Baba alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Kaka mtu alikuwa mji mwingine, na mapenzi yake yalikuwa ya simu.

Ugonjwa ulikuja kwa kunyata. Chumvi ikitiwa mara mbili, wanacheka. Mama akiuliza leo ni siku gani, anajibiwa, anauliza tena kabla jibu halijapoa. Kisha kicheko kikakauka. Birika likaungua jikoni mpaka likawa jeusi. Mkoba wake ukapotea, ukaonekana ndani ya jokofu, na kabla haujaonekana Kitinda alishaitwa mwizi mbele ya wateja.

"Mama, mimi nichukue mkoba wako wa nini?"

"Utajijua mwenyewe. Tangu lini mwizi akasema?"

Kaka alipoelezwa, alicheka kwenye simu. "Huo ni uzee tu. Mbona mimi nikimpigia tunaongea vizuri?" Na kweli, kwenye simu Bi Pembe alikuwa fundi wa kujibu juu juu: nzuri, mwanangu, haya, Mungu akubariki. Akikata, anamgeukia Kitinda. "Yule alikuwa nani?"

Lililomchoma Kitinda kuliko yote lilikuwa swali la baba. "Baba yako mbona hajarudi?" Mara ya kwanza alimwambia ukweli, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kusema. Bi Pembe alishika kichwa, akaanguka kwenye kiti, akalia kilio cha msibani. Baada ya chakula akauliza tena. Akaambiwa tena. Akalia tena vilevile, machozi mapya kabisa.

Ndipo wakaenda hospitali. Daktari, mwanamama mwenye sauti ya kukwaruza, alimwomba Bi Pembe achore uso wa saa. Bi Pembe akarundika namba zote upande mmoja, akaisukuma karatasi. "Kazi za chekechea hizi."

Vilikuja vipimo vingine, na siku nyingine za kungoja. Mwishowe daktari akamweka Kitinda kitako.

"Ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Alzheimer. Si ukaidi, na hakuna aliyemroga. Unaanza na sehemu inayopokea mambo mapya. Unachomwambia asubuhi si kwamba anakisahau, dada yangu, hakijaingia kabisa. Ya zamani bado yamo. Baadaye na hayo yatapungua, na kuvaa, na kula, na majina yenu."

"Dawa je?"

"Zipo za kupunguza dalili kwa muda, kwa baadhi ya watu. Ya kuponya hatuna."

"Na akimuulizia baba?"

Daktari akavua miwani. "Ukimwambia amekufa, kwake anakufa siku hiyohiyo. Usibishane naye. Muulize wewe habari za huyo baba, umwache azungumze."

Kitinda alirudi akiwa ameelewa. Lakini kuelewa hospitalini ni jambo moja, na kuelewa huku mtu anakuuliza kitu kilekile kabla hujamaliza chai ni jambo jingine. Alijizuia, akafoka, akajuta, akafoka tena.

Kisha miguu ya mama ikaamka. Jua likianza kuinama tu, Bi Pembe hakai. Mlangoni, dirishani, ukumbini, mlangoni tena, mkoba mkononi. "Nachelewa zamu mimi." Kitinda akawa anafunga mlango kwa ufunguo. Mama anautikisa mpaka wateja wanashtuka chini ya mashine ya kukaushia nywele. "Umenifungia kama mbuzi!"

Siku moja, kitini alikuwepo mwalimu wa shule ya jirani, kichwa kizima kimepakwa dawa ya kulainisha nywele. Mteja aliyemtangulia alikuwa ametoka, na Kitinda, chanuo mkononi, akasahau kufunga. Alipoinua macho, ukumbi ulikuwa kimya. Mlango uko wazi. Ndala za mama zipo, viatu vya kazi havipo.

Kitinda akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Akitoka, dawa itamuunguza mteja. Asipotoka, mbele kule kuna barabara kubwa.

"Nenda!" mwalimu akasema, ameshainamia sinki. "Kichwa ni changu, nitakiosha mwenyewe."

Akatoka mbio na glovu zake za plastiki. Alikimbilia kituo cha basi kwanza, maana hapo ndipo mama alipokuwa akipandia kwenda hotelini. Hayupo. Duka la dawa, hawajamwona. Fundi viatu alimwona. "Amepita na haraka zake, kama mtu aliyeitwa. Nimemwamkia, hata hakugeuka." Kitinda akafuata mkono wa fundi ulikoelekea, akigeuka kila breki ilipolia barabarani. Aliita "Mama!" mpaka wanawake wasiomhusu wakageuka.

Mwalimu ndiye aliyemwona. Alikuwa ameshika njia ya pili, taulo kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni. "Huku! Duka la fanicha!"

Ndani, kijana wa mauzo alikuwa amesimama kakumbatia mto, macho yamemtoka. Vitanda vya maonyesho vilikuwa vimevuliwa mashuka vyote, na Bi Pembe yupo kwenye cha katikati, anakung'uta vumbi la godoro.

"Ni mama yako?" kijana akanong'ona. "Amesema mikono yangu michafu. Nimekwenda kunawa, nimerudi, amesema bado."

Kitinda alitaka kumshika mkono amburute. Alitaka pia kuketi sakafuni alie. Mama akamwona.

"Wewe binti, umechelewa. Vua hizo glovu, shika upande ule."

Mama, hii si hoteli: maneno yalifika mdomoni. Lakini alikuwa amechoka, amechoka hasa, hata kubisha hakuweza. Akavua glovu, akashika shuka.

"Vuta. Siyo hivyo, chini kwanza. Kunja. Sasa ingiza."

Nyumbani mama hakuwahi kumfundisha kutandika. Alikuwa akirudi kazini hoi, vitanda vyao vikalala kama vilivyoamka. Sasa alimzunguka, akaikagua pembe, akaipiga kofi dogo.

"Unashika haraka. Mama yako nani?"

Kitinda akainyoosha pembe kwa kiganja. "Ni msimamizi wa vyumba."

"Basi ndiyo maana."

Walimaliza vitanda vyote, mwalimu akisaidia foronya. Kisha Kitinda akasema zamu imekwisha, na Bi Pembe akakubali, akachukua mkoba wake.

Kaka alikuja wiki iliyofuata, baada ya Kitinda kumwambia bila kupamba: njoo, au usinipigie tena. Bi Pembe alimpokea mlangoni kwa tabasamu la kazi. "Karibu sana, mgeni wetu. Mizigo yako iko wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo, karibu."

Kaka alikwenda uani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakusema tena habari za uzee. Alizungushia ua uzio, ili mama atembee anavyotaka bila kufungiwa, akamvalisha bangili yenye namba ya simu. Sasa kila mwezi anakuja siku kadhaa, Kitinda apate kulala.

Bi Pembe anatembea uani mpaka leo. Maneno yamepungua. Juzi alikataa kuoga, akamzaba Kitinda kofi la shavu, na Kitinda akampigia kelele ambazo majirani walizisikia. Akatoka nje, akalia, akarudi. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli ya bafuni, mtulivu, anamtazama kama mtu anayengoja kuhudumiwa. Hasira ilikuwa imebaki kwa mmoja tu, kwa Kitinda aliyekumbuka. Naye akapima maji kwa kiwiko, akachukua sabuni, akaanza upya.