Fundi Anayeiamkia Kompyuta

Fundi wa kompyuta kutoka Korogwe hagusi mashine kabla ya kunawa mikono na kuiamkia. Shule ya Kwaluguru haina intaneti, hivyo masasisho huyaleta kwenye flashi aliyoivaa shingoni. "Shikamoo, bibi," aliiambia kompyuta kuukuu ya ofisini. Mwalimu Hajira wa fizikia akabana kicheko, ingawa mtihani wa kesho ulikuwa humo humo. Sasisho likagoma. Fundi akatazama tarehe, akaguna. "Betri ya saa imekufa. Bibi anadhani tuko elfu mbili na tisa, atapokeaje vitu vya leo?" Akarekebisha tarehe, akaanzisha sasisho upya, akavua kandambili, akaamuru wote waliokuwa ofisini wanong'one. Kioo kikawa cheusi mpaka Hajira akaanza kuomba dua. Ghafla spika zikatoa mlio wa kuwaka. "Marahaba hiyo," fundi akanong'ona. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameshapiga goti.