Lafudhi ya Kalokol

Nilipoanza kuigiza redioni hapa Lodwar, mtayarishaji wetu, mtu wa Nairobi, aliniambia mara moja tu, "Dada, unaongea kama watu wa Kalokol." Kweli natoka Kalokol, mama yangu anakausha samaki huko. Lakini tangu siku hiyo niliona aibu, nikawa nanyoosha kila neno hadi likaisha ladha.

Ndipo akaja mama mmoja Mwingereza. Bintiye alikuwa daktari katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, naye alikuja kumtembelea. Alikuwa ameigiza jukwaani na redioni maisha yake yote, basi mtayarishaji akamwalika atusikilize tukirekodi.

Hakujua Kiswahili. Hata hivyo, tulipopumzika alinifuata kivulini, akaniuliza kwa Kiingereza, "Ukimpigia mama yako simu, unaongea hivyo?"

"Hapana, mama."

"Nilijua. Pale ndani ulikuwa kama umebana pumzi."

Akanisimulia habari zake. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Alipofika London, walimu wake wa uigizaji walimtaka aongee kama watu wa tabaka la juu, naye akatii. Miaka mingi akapewa sehemu za wajakazi, wale wa kuleta chai na kutoka. Kisha siku moja redioni, mwigizaji wa kucheza mke wa mchimbaji aliugua. Yeye akashika nafasi, akasoma kwa lafudhi ya kwao.

"Baba alisikiliza," akasema. "Alilia. Tangu hapo sikukosa kazi."

Tuliporudi studioni nilimwomba mtayarishaji turudie. Nilicheza mwanamke anayempokea jirani aliyekimbia vita. Nikaanza na "Ejok," salamu ya kwetu, nikaongea kama nyumbani, ngeli zikaenda zilikotaka. Mtayarishaji akacheka. "Hiyo sasa! Ulikuwa umeificha wapi?"

Kipindi kilipotangazwa, mama alinipigia. Wanawake wenzake walikuwa wameacha samaki juani wakakusanyika kando ya redio. "Wanasema huyo ni wetu," akaniambia.

Kazi hiyo ndiyo inayonilisha mpaka leo. Mwaka jana yule daktari alinipigia kuniambia mama yake amefariki. Nilikuwa Kakuma, nikikaribia kurekodi na waigizaji wenzangu wakimbizi. Niliwaeleza alikuwa nani kwangu. Dada mmoja Mkongomani akasema, "Basi tumshukuru Mungu kwa ajili yake." Akaomba, tukaitikia amina, halafu kila mmoja akachukua karatasi yake.